Kuacha Pombe na Kutoirudia: Namna Gani Eklezya na Waganga Walijifunza Kukesha Moyo

Katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 11, Bwana wetu anasimulia habari ya pepo mchafu aliyetoka ndani ya mtu. Pepo huyu anazunguka fasi zisizo na maji, hapati pumziko, kiisha anarudi kwa nyumba yake ya zamani. Anaikuta imefagiwa na kupangwa vizuri. Basi anakwenda kuita wenzake saba wabaya kuliko yeye, wanaingia wote pamoja, na hali ya mwisho ya mtu yule inakuwa mbaya kuliko ile ya kwanza.

Kila padri wa parokia na kila katekista anamjua mtu huyu. Ni baba wa jamaa aliyeapa mbele ya altare wakati wa Kwarezima kwamba hatakunywa tena. Alishika neno lake miezi mitatu. Nyumba yake ilifagiwa kweli: watoto walirudi masomoni, bibi yake alianza kucheka tena. Halafu, siku ya matanga fulani, alikubali kopo moja la kasiksi. Siku ya pili ikafuata lutuku. Sasa anakunywa kuliko mbele ya kuapa, tena kanisani haonekani, kwani anaona haya. Nasi tunasema upesi: «Ni mwongo, alimdanganya Mungu.»

Je, ndivyo? Nafikiri historia inaweza kutusaidia kuhukumu vizuri zaidi. Kwani swali hili, namna gani mtu aliyeacha pombe anaweza kukaa bila kuirudia, si swali la leo. Watawa wa jangwani walilichungulia mbele ya wote, ijapokuwa hawakusema juu ya pombe peke yake. Wahubiri wa Irlandi walilikuta kwa uchungu. Na waganga wa Amerika, katika miaka ya karibu, wamelichukua tena, wakafika mahali ambapo Mababu wetu walikuwa wamepita.

I. NENO MOJA LA KIGRIKI

Mtakatifu Petro, katika barua yake ya kwanza (5, 8), anawaamuru wakristu kuwa na kiasi na kukesha, sababu adui anazunguka kama simba. Waseminari wanaojifunza Kigriki watakuta pale neno nepsate. Maana yake ya kwanza ni rahisi kabisa: kutolewa, kuwa mtu ambaye divai haikumshika kichwa. Kwa neno hili hili Mababu wa Mashariki walitengeneza jina nepsis, nao waliita hivi ile kazi ya kulinda moyo, ya kuangalia kila wazo linalokuja mlangoni na kuliuliza: wewe ni nani, unatoka wapi?

Tuangalie jambo hili vizuri. Fundisho la kukesha moyo lilipewa jina la mtu asiyelewa. Kwa Mababu, kuwa mzima wa pombe na kuwa macho rohoni lilikuwa neno moja. Yule anayeacha pombe bila kujifunza kukesha amechukua nusu ya neno, akaacha nusu.

II. WALIMU WA JANGWANI

Evagrius alizaliwa katika nchi ya Ponto karibu na mwaka 345. Alikuwa shemasi msomi katika mji wa Constantinople, watu wakimsifu. Lakini alishikwa na mapendo ya mwanamke mwenye bwana, ikampasa kukimbia. Akafika Yerusalemu, akaugua, kiisha akaenda Misri. Pale, katika jangwa la Nitria na la Kellia, alikaa mpaka kufa kwake mwaka 399. Baadaye Eklezya ilikataa mawazo yake fulani juu ya asili ya roho za watu; lakini fundisho lake juu ya vita vya moyo lilibaki, likawalisha watawa wa Mashariki na wa Magharibi. Huyu hakujifunza tamaa katika vitabu tu.

Evagrius alihesabu mawazo manane yanayomsumbua mtawa, na la kwanza ni ulafi wa chakula na kinywaji. Lakini faida yake kubwa si hesabu ile. Ni kwamba alimwomba mtawa kuchungulia: wazo gani linakuja mara nyingi, lipi mara chache, lipi linatangulia na lipi linafuata, linakuja saa gani, linakwenda saa gani. Tena alifundisha kwamba hatuna uwezo wa kuzuia mawazo yasije. Uwezo wetu ni kuyakataza yasikae. Mtawa mjinga anapigana gizani. Mtawa mwenye akili anajua njia za adui wake, kama mwindaji anavyojua njia za nyama.

Mwanafunzi wake, Mtakatifu Yohane Kasiano, alileta fundisho hili katika Ulaya. Karibu na mwaka 415 alianzisha monasteri katika mji wa Marseille, akaandika mazungumzo yake na wazee wa Misri. Katika mazungumzo ya kwanza analinganisha akili ya mtu na jiwe la kusaga linalozungushwa na maji ya mto. Maji hayasimami, basi na jiwe halisimami. Lakini mwenye kinu anachagua nafaka atakayotia, ngano au magugu.

Katika mazungumzo ya pili anasimulia habari inayotuhusu sisi mapadri. Kijana mtawa alisumbuliwa na jaribu la mwili, akaenda kumfunulia mzee mmoja. Mzee yule akamgombeza vikali, akamwambia hastahili hata kuitwa mtawa. Kijana akakata tamaa, akashika njia ya kurudi duniani. Aba Apolo akamkuta njiani, akaona uso wake, akamwuliza, akamtuliza, akamwambia kwamba yeye mwenyewe, mzee wa mvi, anajaribiwa vilevile. Akamrudisha chumbani kwake. Kiisha akamwomba Mungu kusudi jaribu lile limpate yule mzee mkali, apate kujua kuwahurumia vijana. Na mara mzee akaanza kukimbia huku na huku kama mwenye wazimu. Kasiano aliweka habari hii katika mazungumzo juu ya busara. Si ajabu.

Mwisho, katika karne ya 7, Mtakatifu Yohane Klimako, abati wa mlima Sinai, alipanga vizuri njia ambayo tamaa inafuata. Kwanza wazo linabisha mlango. Pili mtu anaanza kuzungumza nalo. Tatu anakubali. Nne anachukuliwa mateka. Mwisho ni mazoea yaliyokaa moyoni muda mrefu kama mwenyeji. Kubisha mlango hakuna dhambi ndani yake. Mtu anaweza kujiponya kwa urahisi katika daraja la kwanza, kwa shida katika la tatu, na katika la mwisho karibu hawezi peke yake. Tushike daraja hizi katika kichwa, kwani tutazikuta tena mbali sana na Sinai.

III. VIAPO VYA IRLANDI

Sasa turuke karne nyingi. Tarehe 10 Aprili 1838, katika mji wa Cork, Padri Theobald Mathew, Mkapuchini, aliweka jina lake katika kitabu cha watu walioahidi kutokunywa tena pombe yoyote. Irlandi ya siku zile ilikuwa nchi maskini, na wiski ilikuwa inamaliza mshahara wa watu wengi. Yaliyofuata yalistaajabisha dunia. Makundi ya watu yalipiga magoti mbele ya padri huyu, wakatamka ahadi pamoja, wakapokea medali. Katika miaka michache hesabu ilifika mamilioni. Kodi ya pombe ilipungua, na ugomvi wa njiani ulipungua vilevile.

Lakini ikaja njaa kubwa, tangu mwaka 1845, viazi vilipooza mashambani. Watu walikufa, wengine wakapanda mashua kwenda Amerika. Padri Mathew mwenyewe alizama katika madeni, akapata ugonjwa, akafa mwaka 1856. Na kazi yake kubwa ilipukutika. Sababu ni nyingi, na njaa ni moja. Lakini wanahistoria wanaonyesha na ingine: watu walipiga magoti elfu kwa elfu siku moja, halafu kila mmoja akarudi nyumbani peke yake. Vyama vilivyobaki havikuwa na nguvu ya kuwashika. Nyumba ilifagiwa, hakuna aliyepewa kazi ya kuilinda.

Njia ingine ni sheria. Nchi yetu ya Kongo imo katika sura hii. Kardinali Lavigerie alipozunguka Ulaya mwaka 1888 kupiga kelele juu ya biashara ya watumwa, mataifa yalikusanyika Bruxelles, na mkataba wa tarehe 2 Julai 1890 haukusema juu ya watumwa na bunduki peke yake. Sura moja nzima ilihusu pombe kali. Katika sehemu ya Afrika kati ya kipimo cha 20 kaskazini na cha 22 kusini, fasi ambapo pombe hizo zilikuwa hazijazoeleka, ilikatazwa kuziingiza na kuzitengeneza. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye, mwaka 1919, uliongeza ukali. Sheria hizo zilizuia mapipa mengi ya wafanyabiashara. Lakini hazikuweza kukesha ndani ya moyo wa mtu. Watu walijifunza kupika lutuku kwa siri, kwa mahindi na mihogo, nayo ipo mpaka leo. Sheria inafunga barabara, lakini tamaa inajua vijia.

IV. MATT TALBOT, MFANYAKAZI WA DUBLIN

Katika mwaka uleule ambao Padri Mathew alikufa, 1856, mtoto Matthew Talbot alizaliwa Dublin, katika jamaa maskini ya watoto wengi. Kwa umri wa miaka 12 aliingia kazi kwa wafanyabiashara ya pombe, na upesi akaanza kulewa. Miaka karibu 16 mshahara wake ulikwenda katika nyumba za pombe. Wanasimulia hata kwamba yeye na wenzake walimwibia maskini mmoja fidla yake, chombo cha kumpatia chakula, wakaiuza kwa kunywa.

Siku moja ya mwaka 1884, akiwa hana franka mfukoni, alisimama mbele ya nyumba ya pombe akingoja marafiki aliowanunulia mara nyingi. Wakapita, hakuna aliyemwita. Akarudi nyumbani, akaenda kwa padri katika seminari ya Clonliffe, akaungama, akaahidi kuacha pombe. Tuangalie kipimo cha ahadi: hakuapa maisha yote. Aliahidi miezi mitatu. Kiisha miezi sita. Kiisha ndipo maisha yote.

Tena hakutegemea ahadi peke yake. Saa za jioni, zilizokuwa saa za kunywa, alizijaza kwa kutembea na kuingia kanisani. Misa ya alfajiri ilikuwa yake kila siku. Kisha jaribu kubwa la mwanzo, siku alipoingia katika nyumba ya pombe na kutoka bila kuhudumiwa, aliamua kutochukua pesa mfukoni. Alimtafuta yule mwenye fidla miaka mingi amlipe. Alipokosa kumwona, alitoa pesa kwa Misa za kumwombea. Alishika hivi miaka 41. Tarehe 7 Juni 1925, siku ya Utatu Mtakatifu, alianguka njiani akienda Misa, akafa. Mwaka 1975 Papa Paulo VI alimtangaza kuwa Mheshimiwa.

Hakuna aliyemfundisha Matt Talbot maneno ya Klimako. Lakini alijua saa ambayo wazo linabisha, mlango gani, na kitu gani kinaliita. Mwaka 1898, katika mji uleule, Padri James Cullen, Myezuiti, alianzisha chama cha Mapioniri chini ya Moyo Mtakatifu wa Yezu. Alikuwa ameona kuanguka kwa kazi ya Padri Mathew. Hakutaka makutano makubwa ya siku moja. Alitaka watu wachache waliojaribiwa, wenye sala ya kila siku asubuhi na jioni. Chama hiki kipo, tena kimefika nchi nyingi za Afrika.

V. SISTA IGNATIA NA MEDALI YA MOYO MTAKATIFU

Mwaka 1935, katika mji wa Akron, Amerika, watu wawili walevi, Bill Wilson na mganga Bob Smith, waligundua kwamba kila mmoja anashika vizuri zaidi akimsaidia mwenzake. Ndiyo asili ya chama cha Alcoholics Anonymous. Si chama cha Kikatoliki, lakini watu wa Eklezya walikuwa karibu nacho mapema. Mwaka 1939 Sista Ignatia Gavin, mzaliwa wa Irlandi, aliwapokea walevi katika lopitali ya Mtakatifu Toma ya Akron, wakati ambapo lopitali nyingi zilikataa kuwapa kitanda. Mwaka 1940 Padri Edward Dowling, Myezuiti, alikwenda kumtembelea Bill Wilson, akabaki rafiki na mshauri wake, ijapokuwa yeye mwenyewe hakuwa mlevi.

Hatua zao 12 zinajulikana. Kwa shauri letu hatua ya 10 na ya 11 ni za maana: kuendelea kujichungulia kila siku na kukiri kosa upesi, tena kutafuta Mungu kwa sala na tafakari. Mwanafunzi wa Evagrius hangeshangaa. Lakini napenda kutaja jambo dogo la Sista Ignatia. Kila mgonjwa aliyetoka lopitali alimpa medali ya Moyo Mtakatifu, akamwomba neno moja: usinywe kopo la kwanza mbele ya kunirudishia medali hii mkononi mwangu.

Si kiapo. Ni nini basi? Ni safari fupi kati ya hamu na kopo. Yule anayepaswa kwanza kutafuta viatu, kutembea mpaka lopitali na kumtazama sista usoni, amepata nafasi ya kuamka. Mara nyingi hamu inakufa njiani.

VI. PROFESA MARLATT NA WIMBI

Sasa tufike kwa waganga wa siku za karibu. Alan Marlatt alizaliwa Vancouver, Kanada, mwaka 1941, akawa profesa wa elimu ya nafsi katika iniversite ya Washington, mjini Seattle. Mwaka 1973 alitangaza, pamoja na wenzake wawili, jaribio moja la ajabu. Watu walipewa kinywaji. Wengine kilikuwa na vodka, wengine hapana. Lakini nusu ya kila kundi waliambiwa kinyume. Ikaonekana kwamba waliokunywa zaidi ni wale walioamini kwamba wanakunywa vodka, hata kama haikuwamo, na walevi walikuwa vilevile. Maana yake si kwamba mlevi anaweza kunywa kidogo bila hatari. Maana yake ni kwamba mtu haangushwi na kinywaji peke yake. Wazo lake lina sehemu kubwa.

Mwaka 1985 yeye na Judith Gordon walitoa kitabu kikubwa juu ya kuzuia kuanguka tena. Walichungulia saa za hatari: huzuni, hasira, ugomvi nyumbani, kushawishiwa na marafiki. Tena walitofautisha mambo mawili ambayo mithali yetu ilikuwa imekwisha tofautisha: kuteleza si kuanguka. Mtu anakunywa kopo moja: ameteleza. Kiisha anasema moyoni: «Nimekwisha vunja ahadi, mimi ni mtu bure, basi ninywe tu.» Wazo hili la pili ndilo linalomwangusha kabisa. Kopo moja lilikuwa jeraha. Kukata tamaa ndiko kunakomwua. Wasomaji wameona: tuko karibu na yule kijana wa Kasiano na mzee wake mkali.

Marlatt alifundisha vilevile kwamba hamu ya pombe ni kama wimbi. Ndugu zetu wa Kalemie na wa Moba wanajua mawimbi ya Tanganyika: wimbi linainuka, linafika juu, linashuka. Mvuvi hapigi wimbi kwa kasia, tena haruki majini kulifuata. Anashika mtumbwi wake sawa mpaka lipite. Mtu anayeshikwa na hamu anafikiri kwamba itaendelea kukua mpaka impasue, basi anakunywa kusudi iishe. Hajangoja hata mara moja kuona kwamba inashuka yenyewe.

Fundisho hili lilikutana na lingine. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, katika lopitali ya iniversite ya Massachusetts, alikuwa ameanza kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu kukaa kimya na kuangalia pumzi yao, mwili wao na mawazo yao, bila kuyafuata na bila kuyagombeza. Marlatt na wanafunzi wake, zaidi Sarah Bowen na Neha Chawla, waliunganisha mafundisho hayo mawili. Marlatt alikufa mwezi wa Machi 2011, na kitabu cha mwongozo cha hao watatu kilitokea karibu na wakati ule.

Kazi yenyewe ni ya kawaida. Ni kwa watu waliokwisha kuacha pombe au dawa za kulevya na kupata matunzo ya kwanza. Wanakutana kwa kikundi mara moja kwa juma, karibu saa mbili, majuma 8. Siku ya kwanza wanapewa zabibu kavu moja, waitazame, wainuse, waitafune polepole, kusudi wajue namna gani kila siku wanakula na kunywa bila kuwamo. Kiisha wanajifunza kukaa na hamu kama mvuvi na wimbi. Tena wanajifunza kituo kifupi cha kufanya popote, hata njiani mbele ya mlango wa baa: kusimama, kuangalia nini kinapita ndani yangu, kurudi kwa pumzi, kupanua uangalifu katika mwili mzima, ndipo kuchagua jibu. Dakika mbili au tatu zinatosha. Hii ni daraja ya kwanza ya Klimako: kuona wazo likibisha, mbele ya kuanza kuzungumza nalo.

Je, inasaidia? Mwaka 2014 walitangaza jaribio la watu 286, waliogawanywa katika makundi matatu: njia hii, njia ya Marlatt ya mwaka 1985, na matunzo ya kawaida ya hatua 12. Kisha miezi 6, makundi mawili ya kwanza yalikuwa na kuanguka kuchache kuliko la tatu. Kisha miezi 12, waliojifunza kukaa macho walikuwa na siku chache zaidi za kulewa kuliko wengine wote. Lakini tusiseme uwongo: wachunguzi waliokusanya majaribio mengi pamoja mwaka 2017 hawakukuta tofauti kubwa katika hesabu ya walioanguka tena, walichokuta ni msaada mdogo katika kupunguza hamu na hasara za pombe. Basi ni chombo kizuri kati ya vyombo vingine, si dawa ya ajabu.

VII. MASWALI MAWILI

Swali la kwanza: je, hii si dini ya Buddha inayoingia kwa mlango wa lopitali? Ni kweli kwamba mazoezi hayo yalitoka kwanza kwa watawa wa Buddha. Marlatt mwenyewe hakuficha, na jaribio lake moja, lililotangazwa mwaka 2006, lilihusu wafungwa wa Seattle waliofuata mafunzo ya siku 10 ya tafakari ya namna hiyo. Eklezya imetoa kipimo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Nostra Aetate mwaka 1965, ulisema kwamba haukatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini zingine. Na barua ya Roma ya tarehe 15 Oktoba 1989 juu ya tafakari ya kikristu ilionya tusichukue utulivu wa mwili au wa pumzi kuwa ni neema ya Roho Mtakatifu. Kuangalia pumzi ni dawa kama kuosha kidonda ni dawa. Sala ni kuzungumza na Baba. Mkristu anaweza kufanya yote mawili, lakini asiyachanganye. Tena anaweza kujua kwamba katika nyumba yake mwenyewe kulikuwa na kisima, tangu jangwa la Misri.

Swali la pili: kama tunasema hivi, hatufungui mlango wa dhambi? Mlevi atasema: «Si mimi, ni wimbi.» Najibu: kinyume. Yule anayesema «nilianguka tu» hana kazi ya kufanya. Yule aliyejua kwamba wazo lilibisha saa kumi na moja jioni, njiani kupita kwa fulani, siku ya mshahara, anajua mahali pa kusimama, basi anajibu mbele ya Mungu kwa mahali hapo. Katekisimu ya Eklezya Katolika (1735) inafundisha kwamba mazoea yanaweza kupunguza hatia ya mtu. Haisemi kwamba yanamwondolea njia ya kutoka.

Tusisahau Mtakatifu Marko Ji Tianxiang wa China. Alikuwa mganga na mkristu mwema. Alijitibu ugonjwa wa tumbo kwa afyuni, ikamshika. Aliungama dhambi ileile mara nyingi, mpaka padri wake, asiyejua ugonjwa huu, akamnyima maondoleo. Miaka karibu 30 aliishi bila Sakramenti, lakini hakuacha kanisa wala sala. Mwaka 1900 alikufa shahidi wa imani pamoja na jamaa yake, na tarehe 1 Oktoba 2000 Papa Yohane Paulo II alimweka kati ya Watakatifu. Hatuna habari kwamba alipona afyuni.

VIII. NA SISI?

Historia hii inatuomba mambo machache, lakini ya kweli.

Kwanza, juu ya viapo. Tusiwaapishe watu maisha yote mbele ya parokia nzima siku ya joto la mahubiri. Tufuate kipimo cha Clonliffe: miezi mitatu, kiisha sita. Na kila mtu aliyeahidi apewe ndugu mmoja wa kumtembelea, zaidi siku za mshahara, za arusi na za matanga. Ahadi bila mlinzi ni nyumba iliyofagiwa na mlango wazi.

Pili, juu ya kitubio. Mwenye kuteleza akirudi siku ya pili, tumpokee kama Aba Apolo. Tumwulize kwa upole: wazo lilikuja saa gani? Ulikuwa na nani? Ulikuwa na njaa, na hasira, na huzuni? Maswali haya si udadisi, ni taa. Padri anayemgombeza tu anamsaidia yule pepo kutafuta wenzake saba.

Tatu, juu ya mwili. Mtu aliyekunywa sana kila siku miaka mingi asiache ghafula peke yake nyumbani. Kuacha hivi kunaweza kuleta kutetemeka, kifafa na wazimu wa muda, hata kifo. Apelekwe kwanza kwa mganga wa lopitali. Katekista anayemfungia mlevi chumbani kwa sala siku tatu anaweza kumwua kwa nia njema.

Nne, juu yetu wenyewe. Ugonjwa huu hauogopi kanzu. Barua ya Roma ya tarehe 24 Julai 2003 inampa Askofu uwezo wa kumruhusu padri asiyeweza kunywa divai kutumia mustum, yaani maji ya zabibu yasiyochachuka sawasawa, katika Misa. Barua hiyohiyo inaomba uangalifu mkubwa mbele ya kumpa Daraja takatifu mseminari asiyeweza kunywa pombe bila hatari kubwa. Basi mseminari anayejua udhaifu wake aseme mapema kwa baba wa roho, na padri aseme kwa Askofu wake. Kuficha ndiko kunakoua. Na sisi wenzake tusimlazimishe kopo mezani kwa kisingizio cha undugu, tusimcheke akiomba maji.

Matt Talbot alimwonya dada yake asiwe mkali kwa mtu anayeshindwa kuacha pombe, kwani alijua kazi ile inaomba nguvu ya Mungu kama kufufua maiti. Tumwombe Bwana atupe macho ya kukesha juu ya moyo wetu, na mkono mpole juu ya ndugu aliyeteleza jana, kusudi leo asianguke.